Kidole cha Mwisho Hakifi Ganzi

Usiku nilikuwa naamka nikiukung'uta mkono wa kulia, kama mtu anayekung'uta maji baada ya kunawa. Saa nane, saa tisa, siku nyingine mara mbili kwa usiku mmoja. Kidole gumba, cha shahada, cha kati, vyote vimekufa ganzi, na ganzi ikianza kuachia vinachoma kama vimeguswa na upupu. Mdogo wangu, tuliyekuwa tukilala chumba kimoja Mbagala, alidhani naota. Nikamwacha adhani hivyo. Saa kumi na nusu alfajiri ilikuwa lazima niwe kituoni, na kueleza kungenila usingizi uliobaki.

Mama alikuwa na jina la ugonjwa wangu kabla sijamaliza kuusimulia. Baridi yabisi. Alisema ni sakafu ya saruji na maji ya alfajiri, akanichua kwa mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu. Jirani yetu alisema kuna mkono wa mtu. Kwenye zahanati nilipewa vidonge vya maumivu na kuambiwa nipunguze kulalia mkono. Mwenzangu wa mashine ya mbele, mama wa watoto wanne, alisema tu, "Utazoea. Mimi wangu una mwaka wa tatu."

Miezi saba nilikaa na majina hayo yote, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza mkono ule kutwa nzima unafanya nini.

Nilikuwa navisha mikono ya fulana. Ndivyo tulivyoita. Fulana inafika kwako ikiwa na mabega tayari, haina mikono. Unachukua mkono kutoka kwenye bando la kushoto, unaupanga na tundu lake, unausukuma chini ya mguu wa overloki, mashine inayoshona na kukata kingo za nguo, huku ukiuzungusha mpaka mshono ukutane ulipoanzia. Kisha mkono wa pili. Kisha unaitupa mbele kwa anayekunja upindo. Ni kiwanda kimoja hapa Dar es Salaam, nguo zake zote zilikwenda nje ya nchi, na laini yetu ilikuwa na watu thelathini na kitu, wengi wanawake, wengi chini ya miaka thelathini. Kazi yenyewe niliipenda mwanzoni. Overloki nzuri ina sauti yake, na mshono ukitoka sawa mkono unajua kabla ya jicho.

Ubaoni mwa laini paliandikwa tageti ya kila saa. Yangu ilikuwa fulana 60. Fulana moja kwa dakika inasikika kama kitu cha kawaida, hata mimi niliona hivyo siku ya kwanza. Lakini hebu tuhesabu pamoja, maana hesabu hii sikuwahi kuifanya nikiwa ndani. Fulana 60 ni mikono 120. Kila mkono wa fulana, ili uzunguke chini ya sindano, ulinitaka nikikunje kifundo cha mkono wangu mara nne hivi. Hizo ni mara 480 kwa saa. Kwa saa nane za kushona ni mara 3,840. Siku sita kwa wiki, na bado sijaweka ovataimu. Kila mkunjo peke yake ni mwepesi kuliko kufungua mlango. Hakuna mzigo, na uzito wa fulana mtoto anaubeba. Ndiyo maana ukimwambia mtu unaumwa kwa kazi hiyo, anakutazama akitafuta ulichobeba.

Halafu akaja mtu wa saa.

Tulimwita hivyo kwa sababu alitembea na saa ya kuhesabia sekunde na ubao mdogo wa kuandikia. Alisimama nyuma ya bega langu asubuhi moja, hakusalimu, akabonyeza. Ningeweza kushona taratibu. Wazoefu walikuwa wameniambia mapema: mtu wa saa akija, shona kama siku ya mazishi. Lakini nilikuwa na mkataba wa miezi sita, ulikuwa umebaki mmoja na nusu, na mtu aliyesimama nyuma yangu alikuwa na kalamu. Nikashona kwa kasi ambayo sijawahi kushona tena. Nilitaka aandike kwamba mimi ni mfanyakazi mzuri. Wiki iliyofuata tageti ya mikono ya fulana ikapanda hadi 75, kwangu na kwa wenzangu wote watatu wa mashine ile. Hakuna aliyenilaumu kwa maneno. Mmoja wao, aliyekuwa akinigawia chai yake asubuhi, aliacha kunigawia kwa muda.

Fulana 75 ni mikunjo 4,800 kwa siku. Ganzi ya usiku ilianza mwezi wa pili baada ya hapo. Jirani aliposema kuna mkono wa mtu alikuwa na maana yake ya kienyeji, na maana hiyo siiamini. Lakini nikikumbuka kalamu ile, neno lake linanirudia kila mara.

Aliyenipa jina la kweli alikuwa mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya serikali, na nilimfikia kwa bahati, nilipomsindikiza shangazi aliyepooza upande mmoja. Alikuwa akimnyoosha shangazi vidole, akaniona nakung'uta mkono. "Dada, unafanya kazi gani?" Nikamwambia. Akauliza, "Ganzi inashika vidole vyote?" Nikasema vyote. "Na cha mwisho, hiki kidogo?" Nikanyamaza. Miezi saba, na sikuwa nimeona kwamba kidole cha mwisho hakikufa ganzi hata siku moja.

Akaniambia nikunje vifundo vyote viwili kuelekea chini, nikutanishe migongo ya mikono, nihesabu hadi 60. Sikufika 30. Ganzi ikapanda ileile ya saa nane za usiku, mchana kweupe, kwenye benchi la hospitali.

Alivyonieleza, na baadaye nilivyosoma mwenyewe, ni hivi. Unaitwa ugonjwa wa handaki la kifundo, kwa sababu kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba kama handaki. Sakafu na kuta zake ni mifupa midogo, dari yake ni ukanda mgumu usiotanuka. Ndani ya handaki hilo zinapita kano tisa zinazokunja vidole, na katikati yao inapita neva moja inayotoa hisia za gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Kidole cha mwisho kina neva nyingine, inayopita nje ya handaki, na ndiyo maana chenyewe kinabaki kizima wakati wenzake wamekufa. Kano zikisuguliwa maelfu ya mara kwa siku bila kupata muda wa kutulia, utando unaozizunguka unavimba. Handaki halitanuki. Kilicho laini kuliko vyote mle ndani ni neva, na ndiyo inayobanwa. Usiku unapolala na kifundo kimekunjika, nafasi inazidi kupungua, unaamka. Baridi ya sakafu haihusiki.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba swali lake la kwanza lina miaka zaidi ya 300. Mwaka 1700 daktari mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu kizima kuhusu magonjwa ya wafanyakazi: wachimba migodi, wafinyanzi, wafua nguo, washonaji. Aliwaomba madaktari wenzake waongeze swali moja kwenye yale waliyozoea kumwuliza mgonjwa: unafanya kazi gani? Na katika nyongeza ya kitabu hicho ya mwaka 1713, alipofika kwa makarani, waliokuwa wakiandika kutwa kwa kalamu ya unyoya, alitaja mambo matatu yanayowaumiza. La kwanza, kukaa bila kuinuka. La pili, mkono kurudia mwendo uleule siku nzima. La tatu, akili kukazwa kwa hofu ya kukosea na kumtia hasara bwana wao.

Hilo la tatu nililisoma mara kadhaa. Ramazzini hakulitenga na mengine mawili, na mimi niliyekaa pale miaka minne nasema alikuwa sahihi. Sisi kazini tulizoea kutenganisha: maumivu ya mkono ni ya mkono, "presha" ni ya kichwa. Anayeumwa mkono anachuliwa, mwenye presha anaambiwa aombe Mungu na apunguze mawazo. Lakini mkono wangu haukushona peke yake. Bega lilikuwa juu kutwa, karibu na sikio, na sikuliinua kwa sababu ya fulana. Niliinua bega kwa sababu supavaiza alikuwa akipita nyuma.

Watafiti wa misuli wana maelezo ya jambo hilo. Ndani ya msuli kuna nyuzi ndogo zinazoamshwa mwanzo kazi inapoanza na kuachiwa mwisho kabisa inapokwisha. Mtu akiwa na wasiwasi, nyuzi hizo zinaweza kubaki zimekaza hata mikono ikiwa imepumzika. Bando likichelewa kufika, unakaa dakika mbili bila kushona, ukidhani umepumzika. Msuli wako hauna habari hiyo, kwa sababu macho yako yako ubaoni unahesabu ulizopungukiwa. Na mwaka 1979 mtafiti wa Marekani, Robert Karasek, akitumia takwimu za wafanyakazi wa Sweden na Marekani, alionyesha kwamba msongo mkubwa unawapata wanaodaiwa mengi huku hawana sauti juu ya namna ya kuyafanya. Kazi nyingi pekee haitoshi kumwangusha mtu. Fundi cherehani wa mtaani kwetu, msimu wa Idi, anashona mpaka saa sita usiku na kuamka na mgongo, lakini anainuka anapotaka, anakunywa kahawa na anayepita, mteja msumbufu anamwambia rudi kesho. Mimi nilihitaji kadi ili niende chooni.

Kadi zilikuwa mbili kwa laini nzima. Unainua mkono, unasubiri kadi irudi, unakimbia, na ukirudi bando limejaa. Tulijifunza kutokunywa maji. Kwenye jengo la mabati, Februari, Dar es Salaam, kina mama wazima walikuwa wakilamba midomo ili wasimalize chupa ndogo ya maji kabla ya chakula. Mmoja alikuwa na mimba ya miezi sita. Niliona aibu kwa niaba yake alipoomba kadi mara ya tatu na kujibiwa mbele ya wote, kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Aibu ile haikuwa yake wala yangu, lakini ndiyo tuliyokwenda nayo nyumbani.

Mama yangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo cha umma miaka ya themanini, na nilipomsimulia habari ya kadi alinyamaza, kisha akataja neno nililolisikia shuleni tu: Mwongozo. Ni ule wa TANU wa mwaka 1971, ambao kifungu chake cha 15 kiliwakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu. Wakubwa zake kazini walikuwa wamemsimulia jinsi wafanyakazi wa viwanda kadhaa vya Dar es Salaam walivyokishika kifungu hicho na kusimamisha kazi kwa sababu ya meneja anayetukana. Sisemi enzi zile mambo yalikuwa mema; yeye mwenyewe masikio yake yaliharibiwa na kelele za mashine za kufumia. Ninachosema ni kwamba walihesabu tusi kuwa jambo la kazi. Sisi tulilihesabu kuwa tabia ya mtu.

Mama huyohuyo ndiye aliyenilea na methali ya mchumia juani hulia kivulini. Nilipokuwa mtoto niliisikia kwa namna moja tu, ya kula. Siku moja amenikalia pembeni ananichua, akaisema kwa sauti ya kujiliwaza, na safari hiyo nikaisikia kwa namna ya pili, ya machozi. Sikumwambia.

Na hapa niseme jambo ambalo wanaume wanaozungumzia kazi za viwandani hulisahau. Mkono wa mwanamke wa laini haupumziki saa kumi na moja jioni. Unashika bomba la daladala kwa saa nzima ukiwa umeinuliwa juu, na ganzi inakufuata hukohuko. Ukifika unakuna nazi, unakamua tui, unafua na kukamua mashuka. Mikunjo ileile ya kifundo, safari hii kwa nguvu zaidi. Jumapili, siku ya mapumziko, ndiyo siku ya nguo. Mtaalamu aliponiambia nipumzishe mkono nilimwuliza, lini? Hakucheka. Alinifungia kifaa cha kushikilia kifundo kisikunjike nikilala, akanionyesha namna ya kufua kwa kukanyaga nguo kwenye beseni badala ya kuzikamua. Kifaa kile kilinirudishia usingizi ndani ya wiki tatu. Mchana hakikuwa na la kufanya, maana mchana mikunjo ilikuwa ileile 4,800.

Nilikwenda ofisini. Nilikuwa na barua ya hospitali. Aliyenipokea hakuwa mtu mbaya, nataka haki itendeke kwake; alinipa kiti. Lakini alisema kitu ambacho nimekisikia baadaye kwa wafanyakazi wa viwanda vingine kabisa, karibu kwa maneno hayohayo: "Hukuumia hapa. Hakuna tukio." Miezi miwili kabla, dada mmoja wa laini ya tatu alichomwa na sindano ya mashine ikapita ukucha. Fomu ilijazwa siku hiyohiyo, akapelekwa hospitali, akalipwa siku zake. Yeye alikuwa na damu, na saa na dakika ya kuandika. Mimi nilikuwa na miezi saba. Daftari la ajali lina safu ya saa ya tukio, na jeraha langu lilitokea kila dakika kidogo.

Sheria haisemi alivyosema. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, iliyozaa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza kazi mwaka 2015, inahusu ajali na inahusu magonjwa yanayotokana na kazi vilevile, na mchango wake hulipwa na mwajiri bila kukata senti kwenye mshahara wako. Shirika la Kazi Duniani liliboresha orodha yake ya magonjwa ya kazi mwaka 2010, na ugonjwa wa handaki la kifundo umetajwa humo kwa jina, pamoja na kazi za kurudiarudia zinazousababisha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, ovataimu isizidi saa 50 katika wiki nne, na mapumziko ya dakika 60 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo. Haya yote nimeyajua nikiwa nje. Ndani sikujua hata moja, na barua yangu ya hospitali niliirudisha kwenye mkoba. Mkataba ulipoisha haukuongezwa. Sina ushahidi kwamba mambo hayo mawili yanahusiana, kwa hiyo sitadai.

Watu huniuliza, sasa viwanda vifungwe? Swali hili linaniudhi, kwa sababu linaulizwa na watu ambao hawajawahi kuusubiri mshahara wa tarehe 30. Nilijenga chumba cha mama kwa fulana zile. Ninachotaka ni vitu vidogo ambavyo nimeviona kwa macho. Kwa wiki mbili, mwenzetu mmoja alipougua, tulilazimika kubadilishana mashine kila baada ya saa mbili: mikono, upindo, mabega, kukata nyuzi. Hakuna aliyelipanga kwa ajili ya afya. Wiki hizo mbili niliamka usiku mara chache, na laini yetu haikupungua hata fulana moja kwenye ubao. Mgonjwa aliporudi, tukarudishwa kila mtu kwenye mashine yake. Kiti chenye mgongo badala ya benchi tulilokuwa tukilikunjia kanga ili likalike. Mkasi mdogo unaonolewa, maana mkasi butu unakula gumba kuliko overloki. Meza inayolingana na mtu anayeikalia. Mimi ni mrefu, mwenzangu wa kulia alikuwa akining'iniza miguu, na meza zetu zilikuwa sawa. Maji, na choo bila kadi. Na tageti iwekwe kwa mwendo ambao mtu anaweza kuushona mwaka wa tano, wala si kwa sekunde za msichana mwenye hofu anayetazamwa begani.

Sasa nina cherehani yangu na oda za sare za shule. Mkono wangu haujarudi wote. Gumba lina udhaifu, kufungua kifuniko cha chupa naomba msaada. Fundi wenzangu wananiona nasimama kila baada ya nguo mbili tatu, nanyoosha mikono ukutani, wanadhani ni mazoezi ya kupunguza mwili.

Juzi usiku, saa tisa na dakika kumi, simu iliingia ujumbe wa sauti. Ni yule aliyewahi kuacha kunigawia chai. Bado yuko kwenye laini ileile. Alizungumza kwa kunong'ona asiwaamshe watoto: "Dada, samahani kwa saa hizi. Ule ugonjwa wako wa mkono ulianzaje? Mimi sasa ni wiki ya pili silali, mama mkwe anasema baridi."

Nikamwuliza ni vidole vipi. Akavitaja. Nikamwuliza, na cha mwisho?

Kukawa kimya kidogo, nadhani alikuwa akikibonyeza gizani. Kisha ujumbe ukaingia: "Hicho kizima. Kwa nini?"

Nikampigia. Nikamwambia kwanza awashe taa, atafute daftari lolote la watoto, aandike tarehe ya leo.